Kinanda kilizima, sauti ikaendelea: kutafuta sauti na MIDI kwenye Linux

Mwezi wa Novemba mwaka jana, kwaya yetu hapa Shangani, Mtwara mjini, ilipokuwa katika wiki za mwisho za mazoezi ya nyimbo za Noeli, umeme ulikatika huku vidole vyangu vikiwa bado vimekandamiza akodi ya mwisho ya ubeti. Taa zilizima, feni ikasimama, na kioo kidogo cha kinanda kikawa cheusi. Sauti ya ogani haikuzima. Iliendelea kutoka katika spika ndogo za kompyuta mpakato iliyokuwa ikitumia betri, akodi ileile ya nota nne, bila kupungua wala kutikisika, hata baada ya mimi kuinua mikono. Kijana mmoja wa sauti ya nne aliniuliza gizani, “Mwalimu, kinanda kimezima. Sasa nani anapiga?”

Usiku ule nilimjibu kwa maneno machache kwa sababu watu walikuwa wanataka kurudi nyumbani. Hapa ninamjibu kwa urefu, kwa kuwa jambo aliloliuliza ndilo lililonisumbua kwa wiki mbili nzima kabla ya usiku huo, wakati kompyuta yangu, inayoendeshwa na mfumo wa Linux badala ya Windows, ilipokuwa haitoi sauti yoyote na sikujua nianzie wapi kutafuta. Ninaandika pia kwa ajili ya walimu wa kwaya wenzangu wa huku Kusini, Mtwara, Masasi, Ndanda, Nyangao hadi Lindi, ambao wengi wao wana kinanda, wana kompyuta ya zamani, na hawana fundi wa karibu anayeijua Linux.

Kinanda kilikuwa kimeunganishwa na kompyuta kwa waya wa MIDI, lugha ambayo ala za umeme na kompyuta huzungumza, na waya huo haupitishi sauti hata chembe. Unapitisha maagizo. Nikibonyeza C ya kati, kinanda kinatuma ujumbe mfupi unaosema: katika chaneli fulani, anza nota namba 60, kwa nguvu kiasi fulani kati ya 1 na 127. Nikiinua kidole, kinatuma ujumbe mwingine unaosema nota 60 ikome. Umeme ulipokatika, kinanda kilikuwa kimekwisha kutuma maagizo manne ya kuanza na hakikupata nafasi ya kutuma maagizo manne ya kukoma. FluidSynth, yaani sinthesaiza, programu ya kutengeneza sauti za ala, iliyokuwa ikifanya kazi ndani ya kompyuta, iliendelea kutii neno la mwisho ililolisikia, na kwa kuwa sauti ya ogani haififii yenyewe kama ya piano, ingeweza kuendelea hivyo hadi betri iishe. Niliandika neno reset katika dirisha la FluidSynth, na ukimya ukarudi.

Lugha hii ya maagizo ni ya mwaka 1983. Wanaotajwa zaidi katika kuanzishwa kwake ni Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, waliozishawishi kampuni zilizokuwa zikishindana zikubali waya mmoja na lugha moja. Kasi yake ni biti 31,250 kwa sekunde, kiasi ambacho leo kinaonekana kidogo mno, lakini ujumbe wa kuanza nota una baiti tatu tu, kwa hiyo unapita kwa muda usiofika milisekunde moja, na akodi ya sauti nne inapita chini ya milisekunde nne. Ninaipenda sana hesabu hii. Inaeleza kwa nini kinanda kilichotengenezwa miaka ya themanini bado kinaweza kuzungumza na kompyuta ya leo bila mtu kuona upungufu.

Kutokana na hayo, mtu anayetafuta sauti iliyopotea anapaswa kujua kwamba ana njia mbili mbele yake. Ya kwanza inaanzia kidoleni na kuishia kwenye programu. Hiyo ni njia ya maagizo. Ya pili inaanzia kwenye programu na kuishia sikioni. Hiyo ni njia ya sauti. Mimi nilikuwa nikizijaribu zote mbili kwa pamoja: ninabonyeza kinanda, ninasubiri spika, sisikii kitu, kisha ninabadilisha mpangilio wowote unaokuja mbele yangu. Kumbe kila njia ilikuwa na kasoro yake, na kila niliporekebisha jambo upande mmoja, upande wa pili ulinificha matokeo. Fundi mmoja wa sokoni alinishauri kwa nia njema nipige window upya, yaani nifute na kuweka upya mfumo mzima wa kompyuta, na ni kweli kwamba shauri hilo huwasaidia wengi, lakini lingenigharimu siku nzima na lisingeondoa kasoro zote zilizokuwapo, kwa sababu mbili kati yake zilikuwa kwenye chuma na nyaya.

Nilianza na njia ya sauti, nikiwa nimechomoa kinanda kabisa na kukiweka pembeni.

Kompyuta yangu inatumia Debian 12, mojawapo ya aina za Linux. Katika mfumo huu sauti ina tabaka mbili ambazo mtu akizitofautisha, nusu ya kazi imekwisha. Tabaka la chini linaitwa ALSA, lililoanzishwa na Jaroslav Kysela mwaka 1998, nalo limo ndani ya kiini chenyewe cha Linux na ndilo linalozungumza na kadi ya sauti. Juu yake kuna PipeWire, kazi iliyoanzishwa na Wim Taymans, ambayo inapokea sauti kutoka programu zote, inazichanganya na kuamua ziende kwenye kifaa gani. Miongozo mingi ya mtandaoni bado inazungumzia PulseAudio na JACK, programu mbili zilizofanya kazi hiyo kabla yake. PipeWire inaweza kuzipokea programu zilizoandikwa kwa ajili ya zote mbili, kwa hiyo usishangae ukiona amri za zamani bado zinafanya kazi.

Kwa hiyo niliuliza kila tabaka swali lake. Kwa tabaka la chini niliandika, katika dirisha la amri, cat /proc/asound/cards, na jibu lilionyesha kadi mbili: ya HDMI, yaani ya sauti inayopita kwenye waya wa skrini au projekta, ikiwa namba 0 na ya spika ikiwa namba 1. Kadi ilikuwapo na kiini kiliiona. Kwa tabaka la juu niliandika wpctl status, na hapo, chini ya orodha ya vifaa vya kutolea sauti, palikuwa na jina moja tu: Dummy Output. Maana yake ni kwamba PipeWire haikupata kifaa chochote cha kweli, ikajitengenezea cha bandia ili programu zisianguke. Tabaka la chini linaiona kadi, la juu haliioni. Basi kilichozuia kiko katikati yao.

Amri iliyonitoa gizani ni sudo fuser -v /dev/snd/*, inayoonyesha ni programu gani imeishikilia kadi ya sauti kwa sasa. Neno sudo hapo ni la lazima, kwa sababu bila hilo huoni programu zinazoendeshwa kwa jina la mtumiaji mwingine, na kizuizi changu kilikuwa cha aina hiyo hasa. Ilikuwa timidity, programu ya zamani ya kupiga faili za MIDI ambayo mimi mwenyewe niliiweka zamani ili nisikilize nyimbo za kwaya, pamoja na sehemu yake inayojiwasha kompyuta inapowaka. Ilikuwa inafika kwenye kadi kabla ya PipeWire na kuishikilia peke yake. Niliiondoa kwa sudo apt remove timidity-daemon, nikawasha upya kompyuta, na wpctl status ikaonyesha spika za kweli zikiwa na nyota ya kuashiria kwamba ndizo zinazotumika. Mtu ambaye nyota yake iko kwenye HDMI, jambo la kawaida kwa anayetumia projekta, anaweza kuihamisha kwa wpctl set-default ikifuatiwa na namba ya kifaa anachokitaka.

Spika zilikuwa bado kimya.

Hapa ndipo bahari ilipoingia katika habari hii. Nyumba yangu haiko mbali na ufuko, na yeyote anayeishi Shangani, Mikindani au Msimbati anajua hewa ya chumvi inavyozifanya kufuli, bawaba na vijiti vya miavuli. Niliendesha speaker-test -D plughw:1,0 -c 2 -t wav, amri inayoruka tabaka la juu na kutuma sauti moja kwa moja kwenye kadi namba 1. Amri ilikwenda bila kulalamika, lakini sikusikia kitu. Kisha nikafungua alsamixer, programu ya kurekebisha ukubwa wa sauti katika tabaka la chini, nikabonyeza F6 kuchagua kadi, nikaona safu ya spika ikiwa juu na bila herufi MM, ambazo ndizo alama ya kuzibwa. Kila kitu kilionekana sawa. Nilipofungua pavucontrol, programu kama hiyo ya tabaka la juu, ndipo nilipoona kwamba, kwa imani ya kompyuta, hedifoni zilikuwa zimechomekwa. Hazikuwa zimechomekwa, zilikuwa kwenye sanduku chini ya meza.

Ndani ya tundu la hedifoni kuna swichi ndogo inayosukumwa na plagi. Plagi ikiingia, swichi inaiarifu kadi, na kadi inazifunga spika ili sauti iende masikioni. Swichi yangu ilikuwa imeota kutu na kubaki katika hali moja. Dawa ya haraka iko ndani ya alsamixer yenyewe: nenda kulia hadi mwisho, utakuta sehemu iitwayo Auto-Mute Mode, uiweke Disabled, kisha katika pavucontrol uchague spika kwa mkono, na mwishowe uandike sudo alsactl store ili mpangilio ukae. Spika zililia papo hapo. Dawa ya kudumu zaidi ilikuwa kuzima kompyuta, kuondoa betri, kusafisha tundu kwa kijiti chembamba kilichofungwa pamba yenye spiriti safi, kuchomeka na kuchomoa plagi mara nyingi, na kuiacha ikauke hadi kesho yake. Tangu wakati huo kompyuta inalala ndani ya mfuko wa plastiki wenye vipakiti vile vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Njia ya sauti ilipokuwa imekamilika, na baada ya kuithibitisha kwa kupiga wimbo wa kawaida wa MP3, ndipo niliporudi kwenye kinanda.

Kinanda chetu kilinunuliwa kwa michango ya waumini baada ya msimu wa korosho, na ni cha aina ya zamani yenye matundu mawili ya duara ya pini tano, moja limeandikwa MIDI IN na jingine MIDI OUT. Kwa kuwa kompyuta haina matundu hayo, nilinunua waya wa bei ndogo wenye USB upande mmoja na plagi mbili za duara upande wa pili. Plagi moja imeandikwa IN, nyingine OUT. Nami, kama ambavyo mtu yeyote mwenye mpangilio angefanya, niliingiza IN kwenye IN na OUT kwenye OUT.

Hilo ndilo kosa linalowapata watu wengi kuliko yote, na ninataka kulieleza taratibu. Maneno yaliyoandikwa kwenye plagi za waya wangu yanazungumza kwa upande wa kompyuta: IN maana yake ni kinachoingia kwenye kompyuta. Kinachoingia kwenye kompyuta ni kile kinachotoka kwenye kinanda. Kwa hiyo plagi ya IN inaingia kwenye tundu la MIDI OUT, na ya OUT inaingia kwenye MIDI IN. Shida ni kwamba watengenezaji hawakubaliani, na wapo wanaoandika kwa maana iliyo kinyume, yaani plagi imeandikwa jina la tundu inapopaswa kuingia. Usiyaamini maandishi, iulize kompyuta. Kubadilishana plagi hakuunguzi kitu chochote.

Kuiuliza kompyuta kunakwenda hivi. Kwanza aconnect -l inaorodhesha kila kitu kinachoweza kutuma au kupokea MIDI, kila kimoja kikiwa na namba. Namba 14 huitwa Midi Through, na hiyo si kinanda chako. Ni njia ya kupitishia ujumbe ndani ya kompyuta, na inakuwapo hata kama hujachomeka chochote. Nimewaona watu wawili wakiichagua katika MuseScore, programu ya kuandikia nota, na kukaa saa nzima wakibonyeza bila nota kuandikwa. Tafuta jina la waya wako. Wangu unaonekana kwa jina CH345, ukiwa na namba 24. Kisha andika aseqdump -p 24 na ubonyeze kinanda. Kama njia ni nzima, kila ukibonyeza unaona mstari ukishuka, wenye namba ya nota na nguvu yake. Vinanda vingi hutuma hata ujumbe uitwao Active Sensing mara kadhaa kwa sekunde bila kuguswa, kwa ajili ya kusema tu kwamba vipo, na ukiuona huo unajua waya ni mzima kabla hujaweka kidole.

Mimi sikuona kitu. Nikabadilishana plagi, na skrini ikajaa mistari. Nilibonyeza C ya kati, nikasoma namba 60, na nakiri kwamba nilimwita mke wangu aje aone.

Jambo moja la kuangalia hapo: aseqdump inahesabu chaneli kuanzia 0, ilhali kinanda kinahesabu kuanzia 1. Chaneli ya 1 ya kinanda itaonekana kama 0, na ngoma, ambazo kwa General MIDI, utaratibu wa pamoja wa kupanga sauti za ala kwa namba, hukaa chaneli ya 10, zitaonekana kwenye 9. Tofauti hiyohiyo ipo kwenye sauti za ala: ogani ya kanisa ni ya 20 katika orodha zilizochapishwa, lakini FluidSynth inataka uandike prog 0 19.

Baada ya hapo kuunganisha njia mbili ni kazi ndogo. FluidSynth inahitaji faili la saundifonti, ambalo lina sauti zenyewe zilizorekodiwa kutoka ala za kweli. Debian inalo moja zuri katika kifurushi fluid-soundfont-gm. Nilianza kwa amri hii:

fluidsynth -a pulseaudio -m alsa_seq -g 1.0 /usr/share/sounds/sf2/FluidR3_GM.sf2

Kile kipande cha -g 1.0 kisidharauliwe. FluidSynth isipoambiwa chochote inaanza kwa ukubwa wa 0.2, na sauti inakuwa ndogo kiasi kwamba mtu katika chumba chenye feni anaweza kudhani haipo. Kisha, katika dirisha jingine, aconnect 24:0 128:0, na kinanda kikaimba kupitia kompyuta kwa mara ya kwanza.

Kiliimba kwa kuchelewa. Mpiga kinanda anaposikia nota baada ya kidole chake kuondoka, anaanza kupunguza kasi bila kujua, na kwaya inamfuata. PipeWire kwa kawaida inakusanya sampuli 1,024, yaani vipande vidogo sana vya sauti, kabla ya kuzitoa, na kwa sampuli 48,000 kwa sekunde hiyo ni kama milisekunde 21, bila kuhesabu yanayoongezwa na programu nyingine njiani. Ili kuielewa namba hiyo, nilifikiria kanisani: sauti hewani husafiri takriban mita 345 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 21 ni sawa na kusimama zaidi ya mita saba kutoka kwenye spika. Nilipoandika pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 256, kusubiri huko kulishuka hadi milisekunde tano na ushei, yaani chini ya mita mbili, umbali ambao mwimbaji wa safu ya kwanza anao daima. Nilijaribu 64 nikapata mikwaruzo. Amri pw-top ilionyesha makosa yakiongezeka katika safu ya ERR, ishara kwamba kichakata hakiwahi. Kompyuta yangu ni ya miaka mingi, na 256 ndiyo inayoiweza. Zaidi ya hayo niliacha pulseaudio na kuianzisha FluidSynth kwa pw-jack fluidsynth -a jack -j, ambayo inapunguza hatua za njiani. Spika za Bluetooth ziacheni kabisa kwa kazi hii. Uchelewaji wake peke yake kwa kawaida unazidi sehemu ya kumi ya sekunde.

Mlio wa chini unaosikika kompyuta inapokuwa kwenye chaja na kuondoka unapoichomoa si tatizo la Linux wala la MIDI. Unatoka kwenye umeme na kuingia kupitia waya wa sauti unaokwenda kwenye miksa. Kwetu, kuchomeka kompyuta na miksa kwenye soketi moja kulitosha.

Muunganisho wa aconnect hupotea kila kompyuta inapozimwa, na namba 24 inaweza kuwa 20 au 28 kesho yake. Kwa hiyo niliandika faili dogo linaloanzisha FluidSynth, kusubiri sekunde tatu, kisha kuunganisha kwa majina badala ya namba: aconnect CH345 'FLUID Synth'. Waya wa USB unapata umeme kutoka kwenye kompyuta, kwa hiyo hata kinanda kikizima muunganisho huo unabaki.

Kisichobaki ni kumbukumbu ya kinanda chenyewe. Wimbo wetu wa kuingilia niliukariri kwa Do ni F, lakini sauti ya kwanza wanaumudu vizuri zaidi Do ikiwa ni G, kwa hiyo ninapandisha kinanda nusu toni mbili kwa kitufe chake, na katika vinanda vingi kitufe hicho hubadilisha pia namba zinazotumwa kwenye MIDI. Umeme ukikatika, kinanda chetu kinawaka tena kikiwa kwenye sifuri. Usiku ule wa Novemba nilirudi kuandika sehemu ya pili katika MuseScore bila kuliangalia jambo hilo, na ukurasa mzima ukatoka chini ya ule wa kwanza kwa nusu toni mbili. Sasa umeme unaporudi, kabla sijawaita waimbaji wasimame, ninaandika reset katika dirisha la FluidSynth, ninabonyeza kitufe cha kupandisha mara mbili, ninagusa C ya kati, na kutazama kama aseqdump inasema 62.